Maji Kwenye Upepo

Doa la damu halimwagiwi maji ya moto, na Dorcus alilijua hilo tangu utotoni. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amechanganyikiwa kiasi cha kumimina birika zima juu ya foronya, na doa likashika pale pale. Akabaki amechuchumaa kwenye mfereji wa kambi ya wafanyakazi, akisugua kwa sabuni ya mche na kuomba Mungu asitokee mtu. Mungu alikuwa na shughuli nyingine. Nyambeki, jirani wa mlango wa tatu, alitokea na ndoo mbili na macho yasiyopitwa na kitu.

"Mama Maxine, hiyo ni damu tena?"

"Ni ya pua tu."

"Juzi pia ilikuwa ya pua." Nyambeki akatega ndoo, akainama, akanong'ona kwa sauti iliyofika nyumba za mwisho. "Wewe ni kama dada yangu, wacha nikuambie. Watu wanasema Baba Maxine ako na ile ugonjwa. Mtu alikuwa mnene hivi, sasa damu, macho nyekundu, na mnaweka mtungi wa oksijeni kwa nyumba."

"Si mtungi. Ni mashine ya kupuliza hewa."

"Haya. Lakini kama ni hewa, si iko hapa nje ya bure?"

Dorcus aliikamua foronya kana kwamba ni shingo ya mtu. Mwaka huo wa tisini na sita hakuna aliyeutaja ugonjwa ule kwa jina. Ulitajwa kwa kutazama pembeni, na nyumba iliyoshukiwa ilianza kukataliwa uji wake. Tayari Jumapili iliyopita mama mmoja wa kanisa alikuwa ameondoka kwake bila kugusa kikombe. Iliuma, lakini hiyo bado haikuwa shida yenyewe.

Shida yenyewe ilikuwa imeandikwa kwenye barua iliyokunjwa ndani ya Biblia. Mumewe, Eliakim Okeyo, alikuwa msimamizi wa idara ya kunyausha majani katika kiwanda cha chai upande wa Kimulot, karibu na msitu wa Mau, kwa miaka kumi na tisa. Akilala, koo lake hujifunga. Pumzi hukatika, yeye hushtuka akihema, akalala tena, ikakatika tena, mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Kwa hiyo hata akilala kutwa, huamka amechoka. Mwezi wa pili alisinzia akiwa amesimama kando ya valvu ya hewa ya moto, na tani mbili za majani zikaungua mbele ya macho yake yaliyofumbwa. Daktari wa hospitali ya misheni akamwazima mashine ya kumsukumia hewa puani ili koo lisijifunge, na kiwanda kikampa wiki nne. Nyuma ya mashine kuna kidirisha kinachohesabu saa. Wiki nne zikiisha kikionyesha saa mia moja na kumi na mbili, Okeyo anarudi kwenye usimamizi. Kikionyesha pungufu, anastaafishwa na nyumba inarudishwa.

Wakati huo alikuwa ameshushwa hadi kupindua majani zamu ya usiku, pamoja na watu aliowafundisha kazi mwenyewe, naye alilala mchana. Kustaafishwa kungekuwa aibu, lakini aibu haiui. Nyumba ndiyo iliyokuwa na stima. Kwao Rachuonyo waliwasha taa ya mafuta, na ile mashine haikuwa ya mafuta. Nyumba ikienda, stima imeenda, na stima ikienda, pumzi ya Okeyo imeenda. Dorcus aliyapanga hayo matatu kichwani kila siku, na kila siku yalipangika vile vile.

Leo ilikuwa siku ya ishirini na nne. Alianika foronya nyuma ya nyumba, mahali ambapo jua halifiki wala majirani hawapiti, kisha akaenda kwenye mlango wa chumba. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani, kama kila siku. Okeyo hakutaka aonwe na ile barakoa ya mpira usoni. "Nafanana na punda amevalishwa lijamu," alisema siku ya kwanza, na tangu hapo Dorcus alikuwa akiisikia mashine tu, ikivuma, bila kumwona anayepumulia.

Akajitanda leso, akashika njia ya dispensari.

* * *

Sista Chelimo alikuwa akigawa dawa za minyoo kwa watoto wa wachumaji. Alimwachia msaidizi kazi hiyo, akamkalisha Dorcus nyuma ya pazia na kumsikiliza bila kumkatiza: jinsi Okeyo alivyopiga chafya mfululizo, jinsi pua ilivyotiririka asubuhi na kuziba mchana, kichwa kilivyomgonga juu ya macho, na damu, ambayo sasa ilikuwa imetoka mara tatu kwa wiki moja.

"Amekonda pia," Dorcus alisema. "Sista, usinifiche. Ni ile ugonjwa?"

"Ile gani? Alipimwa kule misheni, damu yake ni safi. Mimi ndiye nilisoma karatasi." Chelimo akakunja mikono. "Niambie kitu moja. Maji mnabadilisha kila siku?"

"Maji gani?"

"Ya mashine."

"Mashine ya stima inawekwa maji?"

Chelimo akavuta pumzi kwa pua, taratibu, akamwonyesha kwa kidole. "Pua yako inafanya kazi gani? Inachukua hii baridi yetu ya Kimulot, inaipasha, inaitia unyevu, ndio inaingia kifuani. Sasa ile mashine inasukuma hewa nyingi, saa nyingi, baridi na kavu. Pua inashindwa. Inajitetea. Inavimba, inafunga, inamwaga kamasi, mwisho inapasuka. Ndio maana daktari alimpa kisanduku cha plastiki cha kuweka maji. Hewa inapita juu ya maji kwanza, halafu ndio inaenda kwa pua. Nilikuwa hapo akionyeshwa."

"Kiko na midomo miwili? Cheupe?"

"Ee. Kiko wapi?"

Dorcus alihisi uso ukimwaka. Kisanduku cheupe cha midomo miwili kilikuwa kwenye dirisha la nyumba yake, na ndani yake Okeyo alikuwa akiweka wembe na brashi ya kunyolea.

"Nenda ukiweke leo," Chelimo alisema. "Maji yachemshwe, yapoe, yamwagwe kila siku. Na umwambie Mzee Okeyo siku nne zimebaki. Mimi nikija kusoma ile kaunta, sitaki kusoma uongo."

Alisema hivyo kama mtu anavyosema kwaheri, bila kumaanisha lolote. Dorcus alitoka akijiuliza uongo umeingilia wapi.

* * *

Harufu ya makaa ilimpokea mlangoni. Jiko halikuwa jikoni.

"Baba Maxine?"

Mashine ilikuwa ikivuma nyuma ya mlango wa chumbani. Akabisha. Akaita tena, kwa jina lake kamili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi yao. Hakuna aliyejibu. Akapiga mlango kwa kiganja, kwa ngumi, kisha kwa bega, na komeo likabaki linamcheka. Alikimbilia nje akipiga ukemi, na Nyambeki, ambaye masikio yake hayakuwahi kulala, alifika na mchi wa kutwangia mahindi. Wanawake wawili waliupiga mlango mpaka komeo likang'oka na vipande vya mbao.

Chumba kilikuwa na joto zito, dirisha limezibwa kwa gunia. Jiko lilikuwa sakafuni, limejaa makaa mekundu, na mashine imewekwa kando yake kabisa, tundu lake la kuvutia hewa limeelekea moto. Okeyo alikuwa amelala chali kitandani, damu imemkauka juu ya mdomo. Uso wake ulikuwa wazi. Barakoa ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo ya kitanda, ikiupulizia ukuta.

Walimburuta kwa mikono na miguu kama gunia la majani, wakamlaza kwenye nyasi za uani. Watoto wakakusanyika. Mtu mmoja akasema, "Nilijua tu." Dorcus alimpiga mumewe makofi ya mashavu, akamwagia maji, akalia kwa sauti bila kujali nani anatazama. Ilipita kitambo ambacho hakupenda kukikumbuka baadaye, ndipo Okeyo akakohoa, akatapika, akafungua macho na kuuliza ni saa ngapi.

Nyambeki aliwafukuza watoto. Kisha akarudi ndani mwenyewe, akalitoa jiko na kuzima mashine. Alipotoka alisimama karibu na Dorcus.

"Ile kitu ya pua ilikuwa inapulizia ukuta," alisema, na safari hii alinong'ona kweli. "Mtu akiniuliza, mimi sikuona."

* * *

Mpaka saa nane mvua ya mawe ilikuwa ikilipiga bati, na hakuna mtu wa nje ambaye angesikia. Okeyo alikaa kwenye kiti, blanketi mabegani, kichwa mikononi. Dorcus hakwenda kibarua siku hiyo. Alisimama mbele yake na kisanduku cheupe mkononi, baada ya kumwaga wembe na brashi mezani.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Eliakim, usinichezee. Tangu lini unapulizia ukuta?"

Okeyo alilivuta blanketi shingoni. "Siku ya sita," akasema. "Nilivaa siku tano. Ya sita pua ilikuwa kidonda kitupu. Nikasema wacha ihesabu tu yenyewe, si ni saa wanataka? Nikawa naivaa kidogo, damu ikitoka naitoa. Kaunta iko mia moja na ishirini na moja. Tumepita."

"Tumepita," Dorcus alirudia. Moyo wake ulikuwa umejaa hasira na huruma, na hakujua aanze na ipi. "Na hii? Hukuambiwa ni ya maji?"

"Niliambiwa."

"Ukaweka wembe."

"Sasa nifanye nini, mama!" Okeyo aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu na pua imevimba kama ya mlevi. "Miaka kumi na tisa nimekaa na feni. Kazi yangu yote ni kutoa maji kwa upepo. Upepo ukiwa na maji, majani hayanyauki, yanaoza kwenye vitanda vya kunyaushia, mimi naitwa ofisini. Leo mtu ananipa feni ya kuingia kifuani kwangu halafu ananiambia nijaze maji? Nikasema huyu daktari anajua mapafu, lakini upepo hajui."

"Na jiko?"

"Pua ilikuwa inatiririka. Majani yakija na mvua, si unafungua hewa ya moto?"

"Pua yako ni majani?"

Dorcus alivuta stuli, akakaa, magoti yao yakagusana. Yeye alikuwa kibarua kwenye chumba cha famenti, ambamo chai iliyosagwa hutandazwa mpaka igeuke kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Miaka saba alikuwa amefagia humo, na hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini.

"Kule kwetu famenti kuna mashine ya ukungu kwa dari," alisema. "Unaijua?"

"Naijua."

"Inafanya nini?"

"Inatia hewa maji."

"Kwa nini?"

"Chai isikauke juu."

"Juzi ilizimika dakika kumi. Ile chai ikawa nyeusi juu, ngumu kama gamba, tukatukanwa mpaka mama zetu. Ni upepo ule ule wenu, Baba Maxine. Nyinyi mnautoa maji ndio jani linyauke. Sisi tunautia maji ndio chai ibaki hai. Sasa wewe niambie. Unataka kunyaushwa, ama unataka kubaki hai?"

Mtu mwenye cheo cha miaka kumi na tisa hapendi kufundishwa upepo na kibarua wa ufagio, hata kama kibarua huyo ndiye aliyemburuta uani asubuhi ile. Okeyo alikivuta kisanduku taratibu, akakigeuza, akachungulia kwenye mdomo mmoja na kuona mwanga wa mwingine.

"Leta maji," akasema.

* * *

Siku ya kwanza nusura iharibu yote. Dorcus alimimina maji yakiwa bado na uvuguvugu, kwa kumhurumia, na baridi ya chumba ikayageuza matone ndani ya bomba. Baada ya nusu saa Okeyo aliruka kitandani akipiga kelele kwamba amezamishwa. Maji yalikuwa yamemwingia puani. Alitupa barakoa, akasema afadhali afe mkavu. Dorcus hakubishana naye. Aliyapoza maji sawasawa, akakata mikono ya sweta kuukuu ya shule ya binti yao Maxine, akaishona ikawa soksi ndefu na kulivika bomba lote lisipoe. Kisha akakaa ndani ya chumba, mlango wazi, akamwambia, "Punda ama si punda, leo nakuangalia."

Alilala. Dorcus alimtazama akilala kwa saa tano, akingojea pumzi ikatike kama alivyokuwa amezoea kwa miaka mingi, kiganja tayari kumtikisa. Pumzi haikukatika. Siku ya pili pua haikutoa damu. Siku ya tatu Okeyo aliamka, akajinyoosha, akauliza kama kuna ugali wa jana, akala akichekesha mambo ya ujana wao mpaka Dorcus akalazimika kwenda nyuma ya nyumba afute machozi. Alikuwa amesahau kwamba mume wake ni mtu wa kucheka.

Kaunta ilisoma mia moja na arobaini. Zilizokuwa za kweli tangu aanze kuweka maji zilikuwa kumi na tisa.

Hawakulizungumzia. Usiku wa mwisho kabla ya kuitwa ofisini, Okeyo alivaa buti akaenda zamu yake ya kupindua majani, na alfajiri aliporudi alikuwa kimya. Dorcus alidhani ni wasiwasi tu.

* * *

Bwana Kipchirchir, meneja msaidizi wa kiwanda, alikuwa mtu wa haki kwa namna ya watu wanaopenda karatasi. Hakuwaambia wakae. Sista Chelimo ndiye aliyesogeza kiti kwa ajili ya Dorcus, na Dorcus akakaa ukingoni, mkoba magotini. Okeyo alisimama, kofia mkononi. Mashine ilikuwa mezani kati yao, imefutwa vumbi.

Chelimo aliigeuza, akasoma. "Mia moja na arobaini."

"Walisema mia moja na kumi na mbili," Kipchirchir alisema, akapitisha kidole kwenye barua. "Mzee Okeyo, hongera. Mimi sikutaka kupoteza mtu kama wewe. Kuna hii sehemu ya mwisho, anayekaa naye nyumbani athibitishe. Mama, wewe ndiye unakaa naye. Amevaa hii kitu?"

"Amevaa."

"Kila siku?"

Dorcus aliona taa ya mafuta ya Rachuonyo, utambi ukitoa moshi, na mtu amelala gizani, koo likijifunga. Aliona hivyo waziwazi.

"Kila siku," akasema.

Kipchirchir akampa kalamu. Dorcus akaweka sahihi. Chelimo alikuwa akitazama dirishani. Meneja akaivuta barua upande wake ili na yeye aweke sahihi yake.

"Usiandike, bwana," Okeyo alisema.

Nje, trekta lilikuwa likishusha majani kwenye mizani.

"Hiyo hesabu si yangu. Nimevaa mwanzo siku tano, na mwisho siku nne. Hapo katikati ilikuwa inapulizia ukuta."

"Baba Maxine!" Dorcus alitamani kumziba mdomo kwa kiganja.

"Jana usiku nilisinzia tena," Okeyo aliendelea, akimtazama meneja kama mtu anayeripoti zamu. "Saa kumi. Nilishtuka nimeegemea kitanda cha majani. Sijui ni dakika ngapi. Deni ya usingizi ya miaka hailipwi kwa siku nne, sista atakuambia. Unanirudisha kwa valvu leo, na chini ya ile hewa ya moto kuna watu kumi wanapindua majani. Safari ile iliungua chai. Nipe wiki nne zingine nibaki na wale wa kupindua. Sasa maji tunaweka. Nitapona."

Kipchirchir aliiweka kalamu chini. Alionekana mtu aliyepewa kitu ambacho hakukiomba. "Mzee, kwa nini hukunyamaza? Nilikuwa karibu kumaliza."

"Ndio maana nimesema."

"Mpe hizo wiki, bwana," Chelimo alisema. "Shida ilikuwa maji tu. Mimi mwenyewe nitaenda kumwona kila siku."

"Sista, hii barua si yangu. Imetoka ofisi kubwa. Inasema ndiyo ama hapana, haina katikati." Akaikata sahihi ya Dorcus kwa mstari, akaandika maneno machache, akaigeuza karatasi ili Okeyo asome. Okeyo alisoma, akaitikia kwa kichwa. Amestaafishwa, na nyumba ni yao hadi mwisho wa mwezi. Ilikuwa tarehe ishirini na moja.

Chelimo alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, kwamba mashine ni ya hospitali, na kwamba wakienda mahali pasipo na stima itabidi airudishe, kwa kuwa kuna mgonjwa mwingine anayeingoja.

Dorcus alikuwa na hasira kiasi kwamba mkoba ulikuwa ukimtoroka magotini. Mwanamume huyu, aliyedanganya siku kumi na tisa kwa ajili ya pua, amekuja kusema ukweli siku ile moja ambayo uongo ungemwokoa! Alimtazama ili amwonyeshe hasira hiyo, na akamwona amesimama wima, macho meupe, amekamilika, kama siku walipokutana mara ya kwanza kwenye foleni ya mishahara. Hasira haikuisha. Ilitafuta tu mahali pengine pa kwenda.

"Bwana Kipchirchir," akasema. "Famenti shifti ya usiku, mmepata mtu?"

"Wa kudumu? Bado. Wanawake wanakataa. Mabwana zao hawataki."

"Niandike mimi."

Kipchirchir alicheka kidogo, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. "Mama, umenidanganya hapa sasa hivi, na sahihi ukaweka. Halafu nikuandike kazi?"

"Nimekudanganya juu ya bwana yangu. Juu ya chai sijakudanganya hata siku moja. Miaka saba niko kwa ufagio, uliza yeyote. Ile siku ukungu ulizimika, ni nani alikimbia kuita fundi?"

Meneja alimtazama Chelimo, Chelimo akatazama dari. Akatazama saa. Trekta lingine lilikuwa likiingia, na kulikuwa na majani ya kupokea.

"Kazi iko na nyumba," alisema hatimaye, "lakini si kama ile yenu. Ni chumba kimoja, laini ya chini, kando ya walinzi. Choo ni cha nje. Na mshahara wake wa kuanzia..."

"Iko na soketi?"

"Nini?"

"Hiyo chumba. Iko na soketi ya stima?"

Kipchirchir alifikiri. "Balbu moja na soketi moja."

"Niandike."

Akatoa fomu kwenye droo, akaanza kujaza kwa herufi kubwa: jina, namba ya kitambulisho, idara. Dorcus alijibu kila swali haraka, akiogopa kwamba akisita mtu atabadili nia. Wakafika sehemu ya wanaomtegemea mfanyakazi, wale watakaoandikishwa kukaa naye nyumbani. Maxine, binti, miaka kumi na sita. Meneja akaandika. Kisha kalamu ikaning'inia juu ya mstari wa pili, na Kipchirchir, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakohoa na kujifanya anatafuta kitu mezani.

Kwa miaka kumi na tisa Okeyo ndiye aliyekuwa akiwajazia fomu hiyo wafanyakazi wa idara yake. Wake, watoto, mama wajane, wote walipita kwenye kalamu yake. Hakuwahi kuandika mume.

Dorcus hakuthubutu kumtazama. Alisikia buti zake zikisogea hatua mbili, akaona mkono wake, wenye madoa meusi ya utomvu wa chai kwenye vidole, ukiivuta fomu kutoka chini ya mkono wa meneja na kuchukua kalamu. Aliandika bila haraka, kwa ule mwandiko wake wa rejista ambao kiwanda kizima kiliusifu: Eliakim Okeyo. Mume. Miaka hamsini na moja.

Kisha akampa mkewe kalamu, kwa sababu sahihi iliyotakiwa hapo chini haikuwa yake.